Hewa Ndani ya Rejeta za Bibi Hanne

Vijana wenzangu wa bomba,

Nimestaafu mwezi uliopita, na mke wangu amenipa kazi moja tu nyumbani: nisimfuate jikoni. Kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Mliniomba kwenye kundi letu la WhatsApp niwaachie yale niliyojifunza kazini, nami nikawatumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Mwishoni nilisema yeyote aliyefika hapo aandike neno "spana." Mpaka leo hakuna aliyeliandika. Mliandika "Amina, Papa" na "Ubarikiwe." Basi naandika sasa, na mkiruka kurasa angalau sitawaona.

Jina langu ni Byamungu, mtu wa Bukavu. Pale Albert Park, hapa Durban, wengi wananiita Papa Robine, kwa sababu koki ya maji kwetu ni robine. Habari za mshahara hazina ladha, nitaziacha. Za vyeo ni fupi: nilipanda ngazi nyingi, zote za kwenda darini.

Aliyenipa kazi ni Uncle Siva, Mhindi wa Durban, fundi wa zamani mwenye masharubu meupe na goti bovu. Alinikuta katika duka la vifaa nikimweleza muuzaji kasoro za valvu ambazo muuzaji yule alikuwa anajaribu kuziuza. Uncle Siva alisubiri nimalize. Alipoona simalizi, aliniambia nipande gari lake, nadhani ili muuzaji apumzike.

Siku hiyohiyo tulikwenda Cato Manor, kwenye nyumba ambayo maji ya moto yalikuwa hayatoki. Bomba lilikohoa mara mbili, likatema mate kidogo, likanyamaza. Mimi nilikuwa sijui kitu. Kwetu, maji ya moto yalikuwa sufuria juu ya mbabula, na hewa pekee iliyohusika ilikuwa ile ya kupulizia makaa. Lakini kutojua hakujawahi kunizuia kusema. Nilimweleza Uncle Siva habari za kutu, za shinikizo, za binamu yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bia. Yeye alitoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, akaweka ncha juu ya bomba, akaweka mpini sikioni, akafumba macho.

"Byamungu," akasema, "bomba linaongea, lakini halijui kukukatiza. Funga mdomo, sikiliza."

Tulisema naye Kiingereza, chake cha Durban na changu cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa bila kutafsiriwa. Nilinyamaza karibu dakika nzima. Aliponipa bisibisi nami nikasikia: guluguluu, halafu kimya, halafu guluguluu. Hiyo ndiyo hewa. Imekaa kwenye kona ya juu ya bomba, na maji yaliyo nyuma yake hayana nguvu ya kuisukuma. Mmeshaona watu wawili wanavyokutana kwenye ngazi za gorofa zetu, kila mmoja amebeba godoro, na hakuna anayekubali kurudi nyuma. Ndivyo ilivyo. Bomba halijaharibika, tangi halijaharibika, ila hakuna kinachopita.

Dawa ya kwanza aliyonifundisha mnaijua: unaunganisha robine ya baridi na ya moto kwa mpira wa maji, unafungua zote, nguvu ya maji baridi inairudisha hewa ilikotoka. Niliipenda dawa hiyo kupita kiasi. Wiki chache baadaye nilitumwa peke yangu kwenye saluni moja Albert Park, chini ya gorofa ambayo maji yake yote ya moto yalitoka katika tangi moja juu ya paa. Nilifunga mpira, nikawahutubia akina mama waliokuwa wanasukwa, nikafungua. Hewa ikapanda. Maji baridi yakaifuata. Ghorofa ya tatu alikuwepo mtu anaoga.

Alishuka ngazi zote akiwa na taulo na povu mpaka masikioni. "Ni nani iko naniua na baridi?" akapiga kelele mlangoni. Akina mama wakageuka wote pamoja, na vichwa vyao nusu vimesukwa. Alikuwa Shemasi Bahati wa kanisa letu, yule anayesoma matangazo kila Jumapili. Uncle Siva aliposikia alisema tu kwamba kabla ya kuifukuza hewa ni lazima ujue nani anaishi inakokwenda. Shemasi Bahati alinisamehe, kwa sababu ni kazi yake kusamehe, lakini tangu siku hiyo hakuoga kabla hajauliza niko wapi.

Ni huyohuyo Shemasi aliyeniletea matatizo makubwa zaidi, kwa nia njema. Mnakumbuka maji yalivyoanza kukatika ovyo mjini. Yanakwenda bila kuaga, yanarudi bila kubisha hodi, na yakirudi umelala au umetoka, bidoni zako, yaani madumu, zinabaki tupu. Watu waliniuliza wafanyeje. Jumapili moja baada ya matangazo, Shemasi akanipa kipaza sauti, akasema, "Papa Byamungu, dakika mbili."

Nilichukua kama ishirini. Nilisema: maji yakikatika, usifunge robine. Fungua. Chini yake weka ndoo ya bati, uipindue kitako juu, ili maji yakirudi ipige kelele ukimbie na bidoni. Mama mmoja akauliza, robine gani, ya baridi au ya moto? Sikuwa nimelifikiria hilo, lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasema, "Zote mbili! Huwezi kujua ipi itatangulia." Pasta akasimama akaunganisha na wale wanawali kumi wa kwenye Biblia, watano wenye busara ambao walikuwa tayari. Kanisa likasema Amina. Watu wakanipa mkono nje. Sitaficha, nilifurahi sana. Fundi bomba hapigiwi makofi mara nyingi.

Kwenye gorofa zetu ushauri ule haukuwa na madhara. Si nyumba zote za dunia zinazofanana na gorofa zetu, lakini hilo nililisahau.

Miaka ikapita. Uncle Siva akashindwa na goti, akaniachia bisibisi yake, akabaki kwake barazani akipokea simu zangu. Kisha, wakati mmoja wa baridi, Mama Nabintu alinipigia. Mama huyu ni mjane wa kwetu Bukavu, tunasali pamoja. Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi Westville, pembeni ya mji, kumtunza ajuza mmoja wa Kizungu, Bibi Hanne, na alipewa na chumba cha kulala hapohapo nyuma ya nyumba. Aliniambia rejeta ya chumba cha bibi imekufa. Mimi rejeta nilizijua za magari. Nilimwambia amwite fundi wa magari, nikamweleza na namna ya kumtambua fundi wa magari mwizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Papa, hii rejeta iko kwa ukuta."

Nilikwenda kuona kwa macho. Baridi ya Durban mnaifahamu: mtu anavaa sweta asubuhi ili apate kitu cha kuvua saa nne. Lakini marehemu mume wa Bibi Hanne alikuwa injinia wa melini, na mkewe alitoka naye katika nchi ya theluji akiwa mtu wa kusikia baridi. Kwa hiyo alimjengea kwa mikono yake joto la kimeli: tangi la kuchemshia maji nyuma ya jikoni, pampu, mabomba ndani ya kuta, na rejeta nane za kupashia vyumba joto, nne chini na nne juu. Darini aliweka tangi dogo la kulisha vyote, rejeta pamoja na robine za maji ya moto. Sasa Bibi Hanne alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na mifupa yake haikuwa inasoma kipimajoto. Alikaa karibu na rejeta ya chumbani kwake, mkono mmoja juu yake, kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake.

Nilipozigusa rejeta za juu, upande wa chini zilikuwa vuguvugu na upande wa juu baridi. Ukutani kulikuwa kunagonga. Hiyo si kitendawili, ni hewa. Bibi Hanne akaniletea kopo la sukari, akatoa ndani yake ufunguo mdogo wa shaba ambao mumewe aliuchonga mwenyewe kwa tupa, wa kufungulia skrubu za hewa.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Zima pampu. Ngoja maji yapoe. Anza na rejeta za chini, malizia za juu. Shika kitambaa. Fungua skrubu robo mzunguko tu. Itapumua fsss, halafu itatema, halafu maji yatatoka bila kukohoa. Hapo funga. Usiitoe skrubu. Narudia kwa sababu mimi niliitoa. Nilikuwa namsimulia Bibi Hanne habari za ziwa letu la Kivu, mkono ukaendelea kuzungusha wenyewe. Yalitoka maji meusi ya miaka mingi, yakavuka chumba, yakatua kwenye pazia jeupe alilolifuma yeye mwenyewe. Bibi Hanne alilitazama pazia, akanitazama, akauliza kwa upole kama hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Hata hivyo nyumba ilipata joto. Niliondoka kifua mbele. Baada ya siku tisa Mama Nabintu akapiga simu kwamba nyumba inakohoa tena.

Nilirudi. Nikatoa hewa, nikakaza kila kiungo darini, nikabadilisha boya la tangi dogo ambalo halikuwa na kosa lolote. Mama Nabintu alisimama chini ya ngazi akinishikia tochi, nami nikamfundisha kwa kirefu jinsi hewa inavyoingia kwenye mabomba yaliyolegea. Baada ya wiki mbili, simu. Nilirudi tena. Safari hii niliilaumu pampu, nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Nyumba ikapata joto kwa siku sita.

Sikilizeni vizuri hapa, vijana. Mara zote tatu Mama Nabintu alikuwa pembeni yangu. Aliishi katika nyumba ile mchana na usiku. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimweleza tu.

Mara ya nne hakupiga simu, alinisubiri nje ya kanisa. Kilemba chake kilikuwa kimekaa upande.

"Papa Byamungu, rejeta ya juu yote iko baridi tena," akasema. "Bibi iko natetemeka na makoti mbili. Mutoto yake ya Joburg alipiga simu. Anasema mbele nifike, nyumba ilikuwa muzima. Anasema anakuja siku ya posho. Akikuta baridi, anapeleka mama yake kwa nyumba ya wazee."

"Na wewe?"

"Miye? Alisema nirudie kwetu." Akakinyoosha kilemba. "Kwetu wapi, Papa? Miye kwetu ni kale kachumba."

Nilimwambia asiogope. Kusema kweli nilikuwa naogopa mimi. Nimekosea mambo mengi maishani, lakini sikuwahi kumfanya mjane alale nje, wala bibi kizee aondolewe katika nyumba aliyojengewa na mumewe, kwa sababu ya mapovu ya hewa. Jioni ile mke wangu alidhani naumwa kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.

Nilimpigia Uncle Siva. Nilimweleza kila kiungo, kila valvu, boya, pampu na pazia.

"Eish, Byamungu," akasema. "Bomba umeshalihoji la kutosha. Hewa haizaliwi ndani, inaingia. Sasa hoji kalenda. Nenda, na ukifika, fanya lile jambo la siku ya kwanza."

"Jambo gani?"

"Unaona?" akasema, akakata simu.

Siku ya posho, yaani Jumamosi kwa watu wasio wa Kivu, nilifika Westville mapema. Jens, mtoto wa Bibi Hanne, alikuwa ameshafika: mtu mrefu, mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya kwenye ndege. Hakuwa mtu mbaya. Alimwogopea mama yake, na hofu yake ilikuwa imetafuta mtu wa kumkalia, ikamkuta Mama Nabintu. Aliniambia ameshazungumza na nyumba ya wazee, kuna nafasi, na anataka tu kusikia kutoka kwangu nani anaharibu mfumo wa baba yake. Mama Nabintu alipita na sahani za chai bila kuinua macho.

Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na kalenda. Bibi Hanne alikuwa akiweka msalaba kila siku rejeta zinapopoa. Mama Nabintu, kwa kalamu nyingine, alikuwa akiandika "maji hakuna" kila siku maji yanapokatika, ili ajue lini atakosa kufua. Nilikuwa nimepita mbele ya kalenda ile mara tatu nikiwa naongea. Sasa nilisimama, nikaisoma. Kila msalaba ulifuata siku moja nyuma ya "maji hakuna." Kila mmoja.

Lakini jibu hilo lilizaa swali jingine. Maji yakikatika, tangi la darini halijazwi, sawa. Ila kama robine zote zimefungwa, maji yaliyomo ndani ya mabomba yanabaki palepale. Hayana pa kwenda. Hewa haiingii mahali ambapo maji hayajatoka. Nikapanda darini kuliangalia tangi dogo, na Jens akapanda nyuma yangu na koti lake zuri.

Mungu hana haraka ila hachelewi. Tulipokuwa juu, kama saa tano asubuhi, boya likalegea na mlio wa maji ya kuingia ukakatika. Maji yamekwenda tena, Westville nzima. Tukalitazama tangi. Likabaki limetulia kwa muda, kisha maji yake yakaanza kushuka. Taratibu, kidole kimoja, vidole viwili. Yalikuwa yanatoka kwenda mahali fulani ndani ya nyumba.

Jens akafungua kinywa. Mimi pia nikafungua changu, nikiwa na maelezo tayari. Nikakifunga. Nikaitoa bisibisi ya Uncle Siva, ncha kwenye bomba, mpini sikioni.

Yalikuwa yanakimbia. Niliufuata mlio ule kama mtu anayefuata wimbo mtaani: kutoka darini mpaka ukuta wa ngazi, kutoka ngazi mpaka korido, korido mpaka jikoni, magoti chini, sikio ukutani, Jens nyuma yangu akinong'ona kuniuliza kama niko sawa. Jikoni mlio uligeuka kushoto. Ukaingia chumba cha kufulia, chumba cha chini kuliko vyote katika nyumba ile.

Mama Nabintu alikuwa amepiga goti mbele ya karo la kufulia. Robine ya baridi ilikuwa wazi, kavu. Robine ya moto ilikuwa wazi, na maji ya Bibi Hanne yalikuwa yanatiririka kutoka humo kwenda kujaza bidoni. Pembeni yake ilikuwa ndoo ya bati, tayari kupinduliwa kitako juu mara maji yatakapoisha.

"Mama," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo, "nani alikufundisha hivi?"

Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jina lake na baba yake mzazi. "Si ni weye, Papa! Kwa kanisa! Maji ikikatika, fungua zote mbili, ya baridi na ya moto, ndoo chini. Miye njo nafanya kila siku ile inakatika, sijawahi sahau hata mara moja. Hata wanawali wa busara hawanipite."

Sasa oneni hali yangu. Jens alikuwa nyuma yangu, na Kiswahili hajui hata neno moja. Aliona robine wazi, aliona ndoo, aliona mama anayeongea kwa kujiamini na fundi aliyepauka. "Anasema nini?" akaniuliza.

Kiingereza cha Mama Nabintu wakati ule kilikuwa cha chai na dawa tu. Hakuna mwingine mle ndani ambaye angeweza kutafsiri. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema bomba limechakaa, na heshima yangu ingebaki, lakini Jens angeondoka na mama yake. Ningeweza kusema yeye ndiye aliyefungua, na ungekuwa ukweli, ukweli wa kumtoa katika kale kachumba. Wazee walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine.

"Anasema nilimfundisha mimi," nikamwambia.

"Ulimfundisha nini?"

"Kufungua hii. Mbele ya kanisa zima. Na kipaza sauti."

Nikamweleza yote kwa kifupi, na naapa ilikuwa kifupi: kwamba robine ile ya chini ikiwa wazi wakati maji yamekatika, tangi la darini linakauka, mabomba ya juu yanajimimina, hewa inaingia nyuma yake, na maji yakirudi yanaikuta imekaa kwenye rejeta kama mwenye nyumba. Kwamba mama huyu hakuharibu kitu. Alitii, na tena alitii vizuri kuliko mtu yeyote pale kanisani. Aliyeharibu ni mimi, na ndiye huyohuyo aliyekuja mara tatu kutafuta mharibifu darini.

Kicheko kilitoka nyuma ya Jens. Bibi Hanne alikuwa amesimama mlangoni na makoti yake mawili, ameshika ukuta, mabega yanamtikisika.

"Na baba yako," akamwambia mwanawe, "alifikiri nyumba ni meli. Tangi la meli halikauki. Nilimwomba aweke valvu ya kuzuia maji ya rejeta yasitokee kwenye robine hii, akasema nani atafungua robine wakati hakuna maji? Nani mwenye akili?" Akamtazama Mama Nabintu, akamshika mkono. "Mtu aliyewahi kukosa maji, ndiye."

Nilimtafsiria Mama Nabintu maneno hayo. Ndipo alipoelewa kwamba rejeta zote zile zilipoa kwa mkono wake, na akaanza kulia, nami machozi yalinijaa, sioni haya kusema. Jens alitazama kando. Halafu akauliza kama kweli itatengenezeka. Nikasema ndiyo. Akasema mama yake abaki hapo na Mama Nabintu mpaka baridi iishe, na nyumba ikikaa na joto mpaka hapo, habari ya nyumba ya wazee haitatajwa tena.

Matengenezo yalichukua dakika mbili. Nilifungua skrubu ya juu ya robine ile ya moto, nikang'oa kishikio chake, nikakitia mfukoni. Robine bila kishikio haishawishiki. Baadaye nilirudi na valvu aliyoiomba Bibi Hanne tangu zamani, nikaiweka kwa mikono yangu, lakini kishikio sikukirudisha. Maji yaliporudi mchana ule tulitoa hewa. Ufunguo wa shaba nilimpa Mama Nabintu auzungushe mwenyewe, robo mzunguko, kitambaa mkononi, tangu rejeta ya kwanza mpaka ya nane. Pazia halikuguswa. Maji yalikatika mara tano kabla ya baridi kuisha, na hakuna msalaba mwingine ulioandikwa kwenye kalenda.

Kanisani nako nililazimika kusimama nitengue fundisho langu. Shemasi Bahati alinipa kipaza sauti huku akishika waya wake, ili akihitaji kukikata iwe rahisi. Nilisema: fungua ya baridi tu, ya moto iache, na katika nyumba za watu uliza kwanza. Mambo hayakwenda kama nilivyotumaini. Wengine walisema fundisho la kwanza lilikuja na Amina ya Pasta, haliwezi kutenguliwa na fundi. Mpaka leo tumegawanyika: upande wa dirishani ni watu wa robine mbili, upande wa kwaya ni watu wa robine moja, na mke wangu, ambaye amelala pembeni yangu miaka yote hii, ni wa robine mbili.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu niliichagua mwenyewe. Nilikwenda Westville, si kwa kuitwa, kuzikagua rejeta kabla ya baridi. Bibi Hanne sasa haoni vizuri, lakini mkono wake bado uko juu ya rejeta ya chumbani. Mama Nabintu alinifungulia mlango akiwa na kopo la sukari tayari. Nilitaka kuupokea ufunguo, akausogeza pembeni. Akazima pampu. Akasubiri maji yapoe. Alipofika rejeta ya mwisho ya juu, aliniomba bisibisi. Nikampa ile ya Uncle Siva, ambaye sasa hayupo tena duniani kuona anayeishika. Akaweka ncha kwenye bomba, mpini sikioni, chini ya kilemba.

Nilianza kumwambia asikilizie karibu na kona, kwa sababu kwenye kona ndiko hewa inakokaa, na kwamba mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza pale Cato Manor...

"Papa," akasema bila kufumbua macho, "funga mudomo. Niko nasikiliza."

Nikafunga. Na ile bisibisi nilimwachia.